Moshi wa Bia ya Kisumu: Ahadi za Kaboni Huhesabiwa Vipi?

Aliyewahi kukaa karibu na chungu cha busaa, pombe yetu ya kienyeji, anaijua sauti ile. Unga wa mahindi uliolowekwa ukachacha umeshakaangwa kwenye bati pana hadi ukapata rangi ya udongo mkavu, umetiwa maji na kimea cha wimbi, na sasa chungu kimefunikwa kwa gunia pembeni mwa jiko. Moto ulizimwa jana. Lakini ukiinama ukatega sikio, ndani mnachemka: vipovu vinapanda na kupasuka, na vingine vinafuata.

Vipovu vile ni hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksidi. Chachu inakula sukari, na katika kila gramu 100 za glukosi inazozimaliza, takriban 51 zinageuka kileo na 49 zinatoka zikiwa gesi. Hesabu haibadiliki, iwe ni chungu cha nyumbani Kakamega au tangi la chuma la kiwanda cha Kisumu. Ndiyo maana wengi wakisikia kampuni ya bia imeahidi kupunguza kaboni, akili yao huenda moja kwa moja kwenye povu. Povu halina kosa. Gesi ile ilikuwa angani miezi michache tu iliyopita; nafaka iliinyonya ilipokuwa ikikua, sasa inarudi ilikotoka, na msimu ujao mmea mwingine utaichukua. Kaboni inayotuletea shida ni ile iliyolala chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, kisha ikachimbwa na kuchomwa. Hiyo inaongezwa juu ya iliyokuwepo, na mashamba yetu hayatoshi kuimeza.

Kwenye busaa, basi, cha kuuliza ni moto uliokaanga ule unga. Kiwandani pia ni hivyohivyo, na nitarudi kwenye moto huo mara kwa mara, kwa sababu ndiko ahadi nyingi za tabianchi za kampuni za bia zinakojengwa, na ndiko zinakoweza kubomoka.

Kazi ya kutengeneza bia ni kuchemsha kwanza na kupoza baadaye. Nafaka inasagwa na kuchanganywa na maji ya nyuzi 65 hivi ili wanga ugeuke sukari. Mtama una ukaidi wake: wanga wake haulainiki vizuri hadi joto lipite nyuzi 70, kwa hiyo mara nyingi hupikwa peke yake kwanza. Uji unachujwa, maji yake matamu yanachemshwa kwa saa nzima au zaidi, kisha yanapozwa ili chachu isife. Chupa zinazorudi kutoka madukani zinaoshwa kwa maji moto. Bia ikishafungwa, mara nyingi hupashwa tena ili isiharibike rafuni. Joto lote hilo linabebwa na mvuke, mvuke unatoka kwenye boila, na boila nyingi za viwanda vyetu zimelishwa kwa miongo mingi mafuta mazito, yale meusi yanayobaki petroli na dizeli zikishatolewa. Lita moja ya mafuta hayo ikichomwa hutoa karibu kilo 3 za hewa ya ukaa.

Wahasibu wa kaboni duniani wanagawa moshi wa kampuni, yaani gesi zote zinazopasha dunia joto, katika makapu matatu. Utaratibu huo ulienezwa na mwongozo uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2001 na World Resources Institute pamoja na World Business Council for Sustainable Development. Kapu la kwanza ni kinachochomwa na kampuni yenyewe: boila, jenereta, magari yake. La pili ni moshi uliotoka wakati wa kuzalisha umeme inaoununua. La tatu ni kila kitu kingine, kuanzia mbolea aliyoitia mkulima shambani hadi friji inayopoza chupa kwenye baa. Ukiyaelewa makapu haya matatu, taarifa yoyote ya kampuni kuhusu tabianchi haitakupiga chenga.

Nianze na kapu la pili, maana hapa Kenya ni jepesi na halina haja ya kutucheleweshea safari. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini unatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Olkaria, huko Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, imekuwa ikitoa umeme wa mvuke tangu 1981. Hapa kwetu Nyanza kuna mtambo wa maji wa Sondu Miriu wenye megawati 60. Kiwanda kilekile cha bia kikipelekwa Afrika Kusini, ambako stima nyingi inatoka kwenye makaa ya mawe, kapu lake la pili litafurika bila mtu kubadilisha hata skrubu moja. Kwa hiyo kampuni ikijisifu kwamba inatumia umeme safi nchini Kenya, sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya mvuke wa Olkaria na ya walipa kodi waliouchimbia visima. Na safi hiyo nayo ina mwanya: pale Muhoroni kuna mtambo wa kuchoma mafuta unaosaidia ukanda wa magharibi hasa jioni, watu wakishawasha taa na pasi.

Sasa ahadi zenyewe. EABL (East African Breweries), kampuni mama ya Kenya Breweries, ilifungua upya kiwanda cha Kisumu mwaka 2019 kwa uwekezaji wa shilingi bilioni 15, baada ya kiwanda hicho kukaa kimya kwa zaidi ya miaka kumi. Kazi yake kuu ilikuwa Senator Keg, bia ya mtama iliyoanza kuuzwa 2004 ili kuwavuta wanywaji kutoka kwenye pombe haramu. Mwaka huohuo wa 2019 Diageo, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na hisa nyingi za EABL, ilitangaza pauni milioni 180 za nishati safi na maji kwa viwanda vyake 11 vya bia katika nchi saba za Afrika. Kwa Kenya na Uganda, kiini cha mpango huo kilikuwa boila zinazokula masalia ya mimea na kuni badala ya mafuta mazito, na Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Kisha Novemba 2020 Diageo ikaweka malengo mapana zaidi: sufuri halisi katika shughuli zake yenyewe ifikapo 2030, nusu ya moshi wa wanaoiuzia na wanaoisambazia ipungue kufikia mwaka huohuo, na sufuri halisi katika mnyororo mzima ifikapo 2050.

Yasome tena malengo hayo ukiwa na makapu mkononi. Ahadi yenye makali zaidi, ile ya sufuri halisi ifikapo 2030, ilikuwa ya kapu la kwanza na la pili. Lakini kwa kampuni kubwa za vileo, kapu la tatu ndilo zito kuliko yote, mara nyingi zaidi ya asilimia 80 ya moshi wote. Hilo lilipewa nusu kufikia 2030, na sehemu iliyobaki ikasukumwa miaka ishirini mbele. Silaumu mpangilio huo. Mtu huanza kufagia nyumba yake kabla ya kufika uani. Ninachosema ni kwamba kichwa cha habari chenye neno “sufuri” na mwaka 2030 kinaongelea sehemu ndogo, na anayekisoma anastahili kuambiwa hivyo palepale.

“Sufuri halisi” nayo haimaanishi bomba lisilotoa moshi. Maana yake ni kwamba kinachobaki kutolewa kinalinganishwa na kinachoondolewa angani, kwa miti au kwa mitambo. Kanuni za Science Based Targets initiative, shirika la kimataifa linalokagua malengo ya tabianchi ya kampuni, zilizotoka Oktoba 2021, zinataka kampuni nyingi zipunguze moshi wao kwa asilimia 90 au zaidi kabla ya kutumia ulinganifu huo kwa kiasi kinachobaki. Na kuna mtego wa maneno unaowanasa hata wanahabari wazoefu: kupunguza moshi kwa kila lita ya bia ni tofauti na kupunguza moshi. Tuseme kiwanda kimepunguza asilimia 30 kwa kila lita, huku kikiongeza uzalishaji maradufu. Kilichokuwa 100 sasa ni 140. Taarifa itasema “tumepunguza kwa asilimia 30”, na itakuwa kweli, lakini anga itakuwa imepokea moshi zaidi. Ukikuta asilimia yoyote, tafuta maneno mawili: “jumla” au “kwa kila lita”. Kisha tafuta mwaka wa kuanzia hesabu. Kampuni ikichagua mwaka iliochoma mafuta mengi kuliko kawaida, hata ikirudi tu kwenye hali yake ya siku zote itaonekana imepiga hatua.

Turudi kwenye boila. Mti au kapi la mpunga likichomwa, hewa ya ukaa inatoka, na mara nyingine kwa kila kipimo cha joto hutoka nyingi kuliko ya mafuta, kwa sababu kuni zina unyevu na hazina nguvu nyingi kama mafuta. Lakini kanuni za uhasibu zinasema hewa hiyo iandikwe pembeni, nje ya jumla ya makapu matatu. Kinachoingia kwenye jumla ni mabaki madogo tu ya gesi nyingine, kama methani na oksidi ya nitrasi. Kwa hiyo unaweza kusimama barabarani Kisumu ukaona bomba linatoa moshi, ilhali daftari la kapu la kwanza linasoma karibu na sufuri. Hapo hakuna aliyedanganya. Kanuni imeandikwa hivyo, na mantiki yake ni ileile ya povu la busaa: mmea uliinyonya, mmea mwingine utainyonya.

Mantiki hiyo inasimama pale tu mmea mwingine unapokuwepo kweli, na kwa wakati. Hapa ndipo aina ya kuni inapokuwa na uzito kuliko aina ya boila.

Makapi ya mpunga naona ndiyo yenye hoja nzuri zaidi. Fika kwenye kinu chochote karibu na skimu ya Ahero baada ya mavuno. Nyuma ya mabati kuna mlima wa makapi, mwepesi na wa rangi ya dhahabu iliyofifia, na upepo wa kutoka ziwani ukivuma unayapeleka hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Upande mmoja wa mlima umegeuka mweusi na unafuka polepole. Ulianza kuungua wiki iliyopita na hakuna aliyejali kuuzima. Upande mwingine umelowa na unaoza. Moshi ule unaingia kwenye vifua vya majirani bila kupasha joto hata sufuria ya chai. Makapi hayo yakienda kwenye boila yenye joto kali na kichujio, kila mtu anapata nafuu.

Makapi ya miwa yana hadithi ngumu zaidi. Viwanda vya sukari ndivyo vinavyoyatumia kwanza, kwa boila zao wenyewe. Mumias ilifikia hatua ya kujenga mtambo wa megawati 35 na kuuza ziada ya umeme kwenye gridi. Ziada hiyo huwepo miwa ikiwepo. Mwaka 2023 serikali ilisimamisha usagaji wa miwa katika ukanda wa magharibi kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa ilikuwa inavunwa ikiwa michanga. Kinu kikisimama, makapi hayapo, lakini boila ya bia haiwezi kungoja. Itageukia kuni.

Na kuni ndizo zinazonitia wasiwasi. Mkaratusi unahitaji miaka sita, saba au zaidi ili ufae kukatwa, na kwenye boila unaisha kabla ya chakula cha mchana. Katika miaka hiyo ya kungoja, kaboni yake iko angani ikifanya kazi ileile ya kaboni ya mafuta. Shamba lililopangwa vizuri, lenye vipande vya miti ya umri tofauti, hulipa deni hilo kila mwaka, kwa kuwa kipande kimoja kinakatwa huku sita vinakua. Kilima kilichokatwa mara moja na kuachwa hakilipi. Tena sisi hatuna kuni za kuchezea. Viwanda vya chai vya Nandi, Kericho na Vihiga vinakausha majani kwa kuni. Shule za bweni zinapika kwa kuni. Nyumba nyingi za vijijini hazina jiko jingine. Mnunuzi mkubwa mwenye pesa taslimu akiingia sokoni, bei inapanda kwa wote, na mama anayeuza mandazi Luanda ya Vihiga ndiye anayeisikia kwanza.

Kwa hiyo naona kuacha mafuta mazito ni hatua ya kweli, na waliowekeza fedha zao wanastahili heshima. Lakini taarifa inayosema “nishati ya mimea” bila kusema ni tani ngapi za makapi, tani ngapi za kuni, na kuni hizo zimekatwa kaunti gani, imenificha jambo ninalolihitaji ili niamini. Takwimu hizo kampuni inazo. Kila lori linapimwa uzito getini.

Kapu la tatu, lile zito, lina habari nzuri moja ambayo sijui kwa nini haizungumzwi zaidi. Chupa ya kioo huyeyushwa kwenye tanuri la nyuzi 1,500 hivi, na ikitumika mara moja ikatupwa, inaweza kubeba moshi mwingi kuliko bia iliyokuwa ndani yake. Kenya ina desturi ya zamani ya kreti na chupa za kurudishwa, na Senator inaenda mbele zaidi: inasafiri kwenye mapipa ya chuma. Ingia baa yoyote ya kegi Nyalenda asubuhi uyaangalie yakishushwa kutoka kwenye mkokoteni. Yamebonyea kila upande na rangi imechubuka kwenye mzingo kwa sababu ya kuviringishwa miaka nenda miaka rudi. Kila bonyeo ni ushahidi kwamba pipa lile limeenda na kurudi mara nyingi, na kila mara hakuna kioo kipya kilichoyeyushwa. Bia ya bei nafuu ya mtu wa kipato cha chini, kwa upande wa chombo, huenda ndiyo yenye kaboni ndogo kuliko zote kaunta nzima. Ongeza kwamba ikipikwa Kisumu haihitaji kubebwa kilomita 350 kutoka Nairobi kupanda mteremko wa Mau.

Machicha nayo yana nafasi yake. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anajua thamani ya mabaki ya nafaka yanayotoka kiwandani. Yakiliwa na ng'ombe hayaozi kwenye shimo na kutoa methani.

Kisha kuna shamba. Mbolea za nitrojeni hutoa oksidi ya nitrasi udongoni, gesi ambayo kilo kwa kilo inapasha joto takriban mara 270 zaidi ya hewa ya ukaa. Mtama unavumilia ukame na huhitaji mbolea kidogo kuliko shayiri inayolimwa Mau Narok na Molo, kwa hiyo kuhamia kwenye mtama ni faida pia. Ila tazama jinsi shamba dogo linavyoingia kwenye hesabu. Hakuna anayekuja kupima robo eka ya mkulima wa Siaya. Kampuni inachukua tani za mtama ilizonunua na kuzizidisha kwa wastani uliotengenezwa kwingine. Mkulima aliyetumia samadi na aliyemwaga mifuko miwili ya mbolea ya DAP wanaandikwa moshi uleule. Jitihada za yule wa samadi hazionekani kwenye daftari, na kwa kuwa hazionekani, hazilipwi. Ikiwa nusu ya kapu la tatu inapaswa kuondoka, sehemu ya kazi hiyo itafanywa na mikono iliyoshika majembe, na bado hatujaona mikono hiyo ikitengewa bei.

Kuhusu kununua mikopo ya kaboni ili kufidia kilichobaki, nitagusia moja tu. Sheria yetu ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, ilivyorekebishwa 2023, inataka miradi ya kaboni inayotumia ardhi ya jamii iipe jamii hiyo angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka baada ya gharama. Mtu akija kijijini kwenu na karatasi za miti na kaboni, asilimia hiyo ndiyo ya kuanzia mazungumzo, na neno “gharama” ndilo la kuulizia kwa makini.

Mwishoni mwa msimu nilikaa na mama mmoja anayelima mtama Alego. Kayongo ilikuwa imekula kona moja ya shamba, ile gugu yenye maua ya zambarau inayonyonya mizizi, na kwa wiki tatu wajukuu wake walishinda juu ya kichuguu wakipiga mikebe kufukuza ndege. Nilimweleza kwamba siku hizi kuna boila zinazokula mabua, na kwamba kwenye ripoti mabua huitwa taka.

“Taka gani, mwanangu?” akasema, akainuka.

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Mabua yalikuwa yamefungwa mafungu matatu kwa kamba ya mkonge. Fungu la kwanza lilikuwa la ng'ombe hadi mvua irudi. La pili la kuziba ua ulioliwa na mchwa. La tatu, fupi kuliko yote, la jikoni. Akaniuliza hilo la boila alitoe kwenye lipi. Tukayazunguka pamoja, tukatazama hadi shambani, na kilichokuwa kimebaki huko ni visiki vifupi na mizizi yake, ambayo huwa haing'oi kwa sababu ndiyo inayoshika udongo mvua kubwa zikija.